Re: Lisbon mwezi Juni, watu wanane kutoka nchi tatu: tuanzie wapi?

Kutoka: mwanachama, Leipzig

Wanajumuiya, hamjambo. Tuko wanane: watano Ujerumani, wawili Uholanzi, mmoja Uingereza. Tunataka kwenda Lisbon tarehe 11 hadi 14 Juni ili tuukute usiku wa Santo António, sikukuu ya mtakatifu ambayo mji huo huisherehekea mitaani. Makumbusho si lengo. Tunataka mitaa, muziki, na bahari kidogo. Pasi zetu ni za Kenya na Tanzania. Mifuko ni ya kawaida. Tuanzie wapi, na ni kitu gani hukwamisha safari za namna hii?

Kutoka: mwanachama, Rotterdam

Anzeni na huyo wa Uingereza. Nyie saba mnaweza kujivuta wiki mbili, yeye hawezi. Kibali chake cha Uingereza hakimfungulii Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Kwa pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza, na kwa kuwa mnakwenda Ureno tu, ombi linapelekwa kwa Ureno. Linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu kusogeza hadi 45. Kwa safari za kiangazi kinachowatesa watu zaidi ni kupata miadi ya kupeleka karatasi, na muda huo hauhesabiwi humo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata akinyimwa. Bima iandike waziwazi kiwango kisichopungua euro 30,000 na kwamba inatumika nchi zote za Schengen. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa 2 tupu, na itaendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka.

Kuna kasoro moja ya maombi ya watu wa kundi: nyumba imekodiwa kwa jina la mtu mmoja, na mwombaji viza hayumo. Kwenye faili lake anaonekana hana pa kulala. Aliyekodi aombe majina yote yaandikwe kwenye uthibitisho, au mwenzenu ajichukulie kitanda kinachoweza kufutwa bila gharama kwa jina lake mwenyewe.

Nyie wa Ujerumani na Uholanzi, kadi ya ukaazi iliyo hai pamoja na pasi iliyo hai inatosha, siku 90 ndani ya kila siku 180. Bebeni vyote viwili. Kadi peke yake si hati ya kusafiria, na watu wanarudishwa langoni kwa kudhani safari ya ndani ya Schengen haihitaji pasi. Kama kuna ambaye kadi imeisha na anasubiri mpya, aangalie ukurasa wa 3 wa ile karatasi ya muda ya Ujerumani: kisanduku kilichotiwa alama lazima kiwe kile kinachosema kibali cha zamani kinaendelea kuhesabika. Kikiwa kingine, aulize ofisi ya wageni kwanza, asilipe hata senti.

Halafu geuzeni kadi zenu za bima ya afya. Upande wa nyuma wa nyingi ndipo ilipo kadi ya Ulaya ya matibabu ya dharura, na inawahusu pia wasio raia wa Umoja wa Ulaya wanaoishi humo kihalali na kuchangia bima. Denmark ndiyo haikuingia kwenye utaratibu huo, iwapo mtaongezeka mtu wa huko.

Kutoka: mwanachama, Köln

Tiketi. Msitafute viti 8 kwa mpigo. Mfumo wa shirika unatafuta daraja la bei ambalo lina viti vyote 8. Kama kwenye bei ya chini vimebaki 5, wote wanane mnapandishwa daraja linalofuata. Tafuta kiti 1, kisha 3, kisha 5, uone bei inarukia wapi, ndipo mgawanye manunuzi.

Majina ndiyo shida ya pasi za kwetu. Mtu ana majina matatu, fomu ina nafasi mbili, kila mtu anajaza anavyojijua. Fuateni mstari wa juu kati ya ile miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa picha: baada ya KEN au TZA linakuja jina la ukoo, mpaka ufike alama <<, na yanayofuata ndiyo majina mengine. Andika hivyo hivyo hata kama nyumbani hakuna anayekuita kwa mpangilio huo. Kubadili jina baadaye, kwa baadhi ya mashirika, kunakaribia bei ya tiketi mpya.

Na wenye pasi zisizo za Umoja wa Ulaya wasitegemee kwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi. Mashirika ya bei nafuu hutaka kuona hati kaunta kwanza. Ongezeni dakika 40 juu ya muda mnaodhani unatosha. Begi la bure, Ryanair ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Wanaopanda mashirika tofauti wasinunue begi la kipimo kimoja.

Kutoka: mwanachama, Malmö

Mimi nasema pesa kabla ya tiketi, kaka wa Köln anisamehe. Kundi linavunjika kwenye pesa.

Mchango uwe na mafungu mawili. La kwanza ni vitu visivyobadilika: nyumba na kodi ya mji. Lisbon inatoza euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku kuanzia miaka 13, kwa hiyo kwenu usiku tatu mara watu wanane ni euro 96, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyoiona, mnadaiwa mkifika. Fungu hili likusanywe lote kabla ya mtu yeyote kubonyeza kitufe cha kulipa. Ahadi ya "nitatuma mwisho wa mwezi" isihesabiwe kuwa mtu.

La pili ni kikapu cha siku: usafiri wa pamoja, maji, kifungua kinywa cha nyumbani. Kiasi sawa kwa kila mmoja, mshika kikapu mmoja, kadi moja, na kila matumizi yanaingizwa siku hiyo hiyo kwenye programu ya Splitwise au karatasi yoyote mnayoiona wote. Vinywaji visiingie humo. Kwenye kundi la wanane lazima wawepo wasiokunywa pombe, na hakuna kinachochosha urafiki kama kumchangia mwenzio glasi zake siku tatu ukiwa na soda yako moja.

Wekeni pia tarehe ya kufunga. Anayejitoa baada yake analipa sehemu yake ya nyumba, isipokuwa alete mbadala, na mbadala huyo awe na karatasi tayari. Iandikeni kwenye grupu, kila mtu ajibu kwa jina lake. Kidole gumba hakitoshi.

Kutoka: mwanachama, Köln

Dada Malmö, sawa, pesa kwanza. Ila viti vya Juni havisubiri kikao. Bei ikiwa nzuri, wenye kadi hai wanunue. Wa viza asubiri viza.

Kutoka: mwanachama, Lisbon

Naishi hapa, niwape ramani.

Msilale Alfama. Najua picha zake zinavutia, ila usiku huo muziki uko chini ya dirisha lako mpaka alfajiri, gari haliingii, na majengo mengi hayana lifti. Bairro Alto na Cais do Sodré ni hivyo hivyo karibu kila wikendi. Tafuteni Anjos au Arroios, kwenye metro ya kijani. Kutoka uwanja wa ndege mnapanda nyekundu, mnabadilisha Alameda, kituo kinachofuata ni Arroios, kisha Anjos. Mkiendelea na kijani hiyo hiyo mnafika Martim Moniz, Rossio, Baixa-Chiado, mwisho Cais do Sodré. Yaani mstari mmoja unawafikisha karibu kila mnakotaka, na mkikosa metro ya usiku mnaweza kurudi kwa miguu.

Kila mtu awe na kadi yake ya usafiri, inaitwa navegante, senti 50, halafu ajaze. Kadi moja haipitishi watu wawili. Metro inafungwa saa saba usiku; kwa usiku wa sikukuu someni tangazo la mwaka husika.

Tangazo la fleti likisema "watu 8", hesabuni vitanda wenyewe. Mara nyingi vinne vya mwisho ni makochi mawili sebuleni. Hesabuni na mabafu: watu wanane, bafu moja, dakika 20 kila mmoja, hiyo ni saa mbili na dakika 40 kabla hamjatoka mlangoni. Fleti mbili za watu wanne jirani ni nafuu kwa kila hali, na moja ikiharibika hamkosi wote pa kulala. Namba ya leseni, yenye herufi AL, iwe imeandikwa kwenye tangazo. Isipokuwepo, pita.

Sasa usiku wenyewe. Santo António ndiye anayeshangiliwa na mji huu, alizaliwa hapa karibu na kanisa kuu la Sé, na tarehe 13 Juni ni sikukuu ya manispaa. Sherehe kubwa ni jioni ya tarehe 12. Mambo mawili yanakwenda kwa wakati mmoja, na kundi lisipochagua linakosa yote. Kwenye barabara ya Avenida da Liberdade ni maandamano ya mitaa, kila mtaa na mavazi yake, wimbo wake na matao yake, wakishindana. Huku Alfama, Graça, Mouraria, Bica na Madragoa ni arraial, sherehe za vichochoroni: majiko ya mkaa, dagaa wakubwa wa kuchoma juu ya kipande cha mkate, bia kwenye vikombe vya plastiki, spika mlangoni. Ushauri wangu: tazameni maandamano kidogo, mwondoke mapema mpande Graça, kisha mshuke polepole kwenda Alfama. Kushuka, si kupanda. Kupandisha Alfama dhidi ya umati ule ni adhabu.

Wanane hamtatembea pamoja. Hilo likubalini nyumbani. Gawanyikeni wawili wawili, kila wawili wasiachane, na mkubaliane sehemu mbili za kukutana zenye saa: kwa mfano saa tano usiku miradouro (uwanja wa kutazamia mji) ya Graça, saa nane usiku mlango wa kituo cha Martim Moniz. Msichague sehemu katikati ya Alfama. Mtandao wa simu huelemewa na umati, ujumbe unafika baada ya nusu saa, kwa hiyo mahali na saa ndiyo mawasiliano yenu. Asiyefika ndani ya dakika 15 anajua njia ya nyumbani, na kila mtu ana anwani kwenye karatasi.

Viatu: vigae vya mawe vya njia za hapa vinateleza kama sabuni vikimwagikiwa bia. Soli ya mpira, kisigino hapana. Simu mfuko wa mbele wenye zipu. Wachomoaji hupenda tramu namba 28 na umati wa arraial. Usiku huo pasi zibaki kwenye fleti, wenye kadi ya ukaazi wabebe hiyo.

Noti ndogo na sarafu ni lazima, vibanda vingi havipokei kadi. Wa Uingereza akitoa pesa kwenye mashine, ikimwuliza alipishwe kwa pauni au euro, achague euro. Ya pauni ina bei ya kubadilisha inayomwumiza yeye.

Mkiingia klabu mkapewa karatasi au kadi mlangoni, ishikeni kama pasi. Vinywaji vinaandikwa humo, mnalipa wakati wa kutoka. Ukiipoteza unalipa kiasi cha juu kilichoandikwa juu yake hata kama ulikunywa maji tu. Na ulizeni kama kuna kiwango cha chini cha kutumia, nyumba za fado, muziki wa jadi wa Ureno, huwa nacho. Kwa kizomba na muziki wa Cape Verde ulizeni klabu ya B.Leza.

Mkutano wa chakula: tasca, mkahawa mdogo wa kienyeji, haina meza ya wanane. Wekeni meza mbili za wanne kwa saa ile ile. Mkate na zeituni vinavyoletwa bila kuagizwa si bure. Msipovitaka, viondolewe kabla hamjavigusa.

Kutoka: mwanachama, Leipzig

Asante sana. Je, tarehe 13 na bahari? Na vile vyungu vidogo vya majani kila mtu anabeba ni nini?

Kutoka: mwanachama, Lisbon

Manjerico, jamii ya rehani, wapendanao wanapeana, kina ua la karatasi na shairi fupi. Usiinamishe pua. Gusa majani kwa kiganja, kisha unuse kiganja. Mwenyeji atakuambia pua inakikausha.

Tarehe 13 amkeni mnapoamka. Treni ya kwenda Cascais inaondokea Cais do Sodré, mshuke Carcavelos, safari haifiki nusu saa, ufuko uko umbali wa kutembea. Maji ni ya Atlantiki: baridi, hata jua likiwa kali. Jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna haraka ya kwenda asubuhi.

Tarehe 14, kila mtu asome terminali yake. Terminali 2 ni ya kuondokea tu, na haina metro. Mnashuka kituo cha Terminali 1 kisha mnapanda basi la bure. Mwenye kupanda kutoka huko aondoke Anjos nusu saa kabla ya wenzake, na ufunguo wa fleti abaki nao mwingine.