Msaragambo wa mfongo: aliyetuma hela badala ya kuja, tumhesabu amekuja?

Zamu ya Jumanne

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa watu wa mlimani kwetu Kilimanjaro, ila na wengine karibuni.

Jumamosi tuliitana msaragambo kuzibua mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Mvua zimeujaza tope na mawe, na banio, pale maji yanapoingilia mfongoni, limebomoka upande mmoja. Kaya zinazotumia maji yale ni 31. Tulifika wanne, na mdogo wao ni mimi mwenye miaka 61. Ilipofika saa nne asubuhi, simu ya mwenyekiti ilikuwa imeshaingia shilingi 140,000 kutoka kwa vijana wa Dar, wa Arusha, na wawili wanaoishi hapo hapo kijijini, ukiita kwa sauti wanakusikia. Ujumbe unasema: "Wazee, ya soda hiyo."

Mwenyekiti anataka tupokee tukodi vibarua. Mimi nikasema irudishwe. Nikaulizwa makato ya kuirudisha atalipa nani.

Sitaki kuwachosha na habari za enzi zetu, lakini kidogo mnielewe. Nimekulia Old Moshi kwenye kihamba, shamba la ukoo la kuzunguka nyumba, kisichofika ekari mbili. Juu migomba, katikati kahawa, chini magimbi, na ng'ombe wawili zizini wasiojua malisho yanafananaje. Vya kununua dukani vilikuwa chumvi, mafuta ya taa na kiberiti. Ada ilitoka kwenye kahawa tuliyopeleka chama cha msingi cha ushirika. Mwaka 1983, maduka yalipokuwa na rafu tupu na watu wanapanga foleni ya sukari kutwa nzima, sisi tulifulia majani ya mpapai, tukavaa katambuga za matairi, na mtori haukukosekana mezani. Njaa nimeijua nikiwa Dar na mshahara mfukoni.

Vyote hivyo vilinyweshwa na mfongo. Zamu yetu ilikuwa Jumanne, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Baba alikuwa ananiamsha kwa kunigusa na mguu. Nilibeba chemli, yeye jembe. Tukifika tunazima taa kuokoa mafuta, tunasimama kimya kusikiliza. Maji hayaji kwa kishindo. Kwanza unasikia majani makavu yakisukumwa, chwaa chwaa, kisha kimya kidogo pale penye shimo, halafu unahisi baridi kwenye vidole vya miguu. Hapo ndipo baba anasema, "Fungua."

Usiku mmoja hayakuja. Tukapanda juu tukakuta jirani ameyakinga kwa vipande vya mgomba, yanaingia kwake. Baba hakusema neno, akavitoa, tukarudi. Alfajiri jirani yule alikuwa amesimama langoni ameshika jani la isale, ambalo kwetu ni la kuombea msamaha. Baba akalipokea. Imekwisha. Hakwenda mtu kwa balozi, sembuse polisi. Na baragumu la msaragambo likilia, usipotokea ulitozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege yenyewe ilinywewa na waliofanya kazi, mbele yako.

Sasa mtu ananitumia hela ya soda. Je, tumhesabu amekuja? Tukikubali mwaka huu, mwaka kesho nani atakuwa anajua hata banio liko wapi?

---

Wa Katikati

Shikamoo Meku. Mimi ni mtuma soda, ingawa si wa mfongo wako.

Naomba uniruhusu niseme. Kwetu tulizaliwa wavulana watatu. Kaka mkubwa alikatiwa eneo lake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya mzee na kihamba chake, kama mila inavyotaka. Mimi wa katikati niliambiwa "katafute". Nimetafuta, niko Kariakoo nauza vipuri vya pikipiki. Jumamosi nikifunga duka nimepoteza zaidi ya nauli ya kuja Moshi. Maji ya mfongo yanakwenda kwenye migomba ya mdogo wangu, na bado natuma elfu kumi. Nimekosa wapi?

Halafu kahawa. Mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, iko pale pale, dawa hazishikiki kwa bei. Baba aling'oa mibuni yote nikiwa darasa la pili, akapanda mahindi. Nilimwona anavyoing'oa, hakuwa mtu aliyechoka na mila. Alikuwa anadaiwa ada ya kaka.

Tupokeeni hela zetu tu, Meku. Wengine hatuna kingine cha kuleta.

---

Mae wa Majani

Kaka Zamu ya Jumanne, nimesoma nikacheka, usikasirike. Kwenye hadithi yako yupo baba, upo wewe, yupo jirani na isale lake. Ng'ombe wawili wasiotoka zizini majani walikuwa wanaletewa na nani?

Acha nikwambie. Nilianza kushuka tambarare na mama nikiwa na miaka minane. Tunaondoka giza, tunakata majani, tunapanda mlima na mzigo kichwani, shingo imezama mabegani, na kutelemka kote kule hujapata chai. Ng'ombe mmoja mzigo ule anaumaliza siku hiyo hiyo. Samadi iliyokuza hiyo migomba ya mtori ilipita kwanza juu ya vichwa vyetu. Ila kwenye banio mwanamke hakuruhusiwa kusogea, eti maji yatakauka. Na kihamba kikigawanywa sisi tunapika jikoni.

Baba alipofariki nilikwenda baraza la kata na nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayosema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nusu ekari nikapata. Kaka zangu hawakuniamkia miaka miwili.

Sasa swali lako. Sisi tulishalipitia. Aliye mbali analipa kibarua cha siku nzima, tumepanga elfu kumi, na iingie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni ili mtu wa kumkodi apatikane. Ikiingia Jumamosi haihesabiwi, hiyo ni soda kweli. Aliye kijijini hela yake hatupokei: alete jembe, au zamu yake ya maji inarukwa. Na wanawake tunakwenda hadi banioni. Mara ya mwisho tulikuwa 22, wanaume saba. Maji hayajakauka.

---

Kata Moja Tu

Rudisheni faini ya debe la mbege halafu muone watu watakavyojaa. Tatizo watakuja wengi waliokosea makusudi.

---

Zamu ya Jumanne

Wa Katikati, marahaba mwanangu. Umenigusa mahali ambapo sikupaandika. Mimi ndiye kitinda mimba kwetu. Kaka yangu wa katikati yuko Tanga tangu 1986, hajawahi kutuma soda wala kuja msaragambo, na kila mwaka nimekuwa nikimsema vibaya pale banioni. Sikuwahi kumuuliza. Nimempigia jana. Tumeongea habari za mvua na miguu yake inayomuuma, la kihamba sikuthubutu kulianza.

Mae, majani yalikuwa yanaletwa na mama na dada zangu wawili. Ni kweli sikuwaandika. Dada mkubwa nilipomsomea maneno yako kwenye simu alinyamaza, halafu akasema, "Huyo mama ana namba ya simu?"

Jana jioni tulikaa kikao. Hela tumeipokea. Tumenunua mifuko mitatu ya saruji ya banio kwa 54,000, iliyobaki ni ya vibarua. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa kumi, kama kwenu. Wale wawili wa hapa kijijini nimewarudishia zao mwenyewe, na makato nimelipa mimi. Mmoja amesema atakuja, mwingine amezima simu.

La wanawake banioni wazee wawili wamegoma. Ila mjane wa yule jirani wa isale, ambaye siku zote anamlipa kijana amfanyie sehemu yake, amesema Jumamosi anakuja na jembe lake, anayetaka kumzuia amsubiri huko huko.

Na faini ya debe la mbege imerudi, kwa kura tatu kwa moja. Aliyepinga ni mlokole. Tumemwambia yeye akitozwa ataleta soda.