Je, sheria imlazimishe mtengenezaji kuunda bidhaa ambazo sumaku zake zinaondoleka?

Mtoa hoja: Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu malighafi muhimu inawataka watengenezaji wa magari, mashine za kufulia, mitambo ya upepo na bidhaa nyinginezo waweke lebo inayoonyesha kama kuna sumaku za kudumu ndani yake, ni za aina gani na zinaondolewaje. Je, hilo linatosha, au muundo wenyewe udhibitiwe? Wapo wanaoona kwamba kuwabana wahandisi zaidi ya hapo ni kuhatarisha usalama na kupandisha bei.

Mchangiaji: Lebo haitoshi, kwa sababu kikwazo kikubwa ni gundi. Ukifungua diski kuu ya kompyuta ya zamani utakuta sumaku nyembamba zilizopinda, zimepakwa nikeli na kugandishwa kwenye bamba la chuma, na ukizichokonoa kwa bisibisi zinavunjika kama kigae. Kwa kuwa kuzitoa kunakula muda, kiwanda cha chakavu husaga kifaa kizima. Unga wa sumaku, ambao takribani asilimia 30 ya uzito wake ni madini adimu (kama neodimi), hung'ang'ania chuma kingine, huyeyushwa nacho na kuishia katika taka za tanuri.

Njia ya kuyaokoa madini hayo ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham wameonyesha kwamba gesi ya haidrojeni huzivunjavunja sumaku hizo zikawa unga unaofaa kutengenezea sumaku mpya, ila lazima gesi iifikie sumaku, na resini nzito (gundi ngumu kama plastiki) huizuia.

Hoja ya usalama naikubali kwa mota ya gari la umeme, ambayo rota yake, yaani sehemu inayozunguka, inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, hivyo sumaku lazima ishikwe imara. Kwa spika na diski siikubali hata kidogo. Huko naamini skrubu au gundi inayolainika kwa joto ingefaa.

Tena magari chotara (ya petroli na umeme) yaliyotumika Japani, ambayo mota zake zina sumaku hizo, yanashushwa Dar es Salaam na Mombasa, na mengi yatachakaa hukuhuku. Sheria ya Ulaya haiyagusi, na hata ingeyagusa, lebo isingemsaidia fundi asiye na zana za kuitoa sumaku aliyoonyeshwa ilipo. Ndugu mnaotetea lebo pekee, naomba mnijibu: gharama ya kuibandua sumaku hiyo ailipe nani, fundi huyo au aliyeigandisha?