Tupeane uzoefu: mtoto anayekula kifungua kinywa njiani, unampa nini?

Mama Wawili
Wazazi wenzangu, salaam. Naomba msaada wenu kwa jambo lililoninyima raha muhula mzima. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 8, mwingine 4. Tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo mkubwa hana hamu ya kula kabisa. Nikimkalisha mezani anazungusha kijiko tu. Dakika kumi zinapita, mimi napandisha sauti, yeye analia, tunatoka wote tumenuna.

Nikaona bora nimpe biskuti na juisi ya paketi ale kwenye basi, angalau asiende na tumbo tupu. Wiki iliyopita mwalimu wake akaniita. Ameniambia kila ikifika saa nne mtoto analaza kichwa juu ya dawati, akiulizwa anasema tumbo linauma. Nilivyorudi nyumbani nikaigeuza ile paketi, nikasoma maandishi ya nyuma: gramu 22 za sukari ndani ya mililita 200. Hivyo ni vijiko vya chai vitano na zaidi, na biskuti sijazihesabu. Niliumia, maana nilidhani nimetatua tatizo.

Nauliza hivi: ni chakula gani mtoto anaweza kukishika mkononi, kikamshibisha mpaka mapumziko, na sare ikabaki safi? Niambie ulichokijaribu mwenyewe, hata kama kilishindikana.

Baba Mtulivu
Pole sana, Mama Wawili. Kwangu yai ndilo lililotuokoa. Jumapili usiku nachemsha mayai sita, dakika 10 tangu maji yaanze kutokota, halafu nayatumbukiza kwenye maji baridi. Yanakaa kwenye friji na maganda yake. Mwisho ni siku 7, ila kwetu hayajawahi kufika huko. Yai moja kubwa lina karibu gramu 6 za protini, na hiyo ndiyo inayomshikilia mtoto. Naongeza kipande cha mkate usiokobolewa na ndizi, basi.

Kosa langu la mwanzo nilikuwa nalimenya kabisa na kulifungia kwenye kikopo. Alipofungua kwenye basi harufu ikatoka yote kwa pamoja, wenzake wakamcheka, na binti yangu akasusia mayai kwa miezi miwili. Siku hizi analimenya mwenyewe tukiwa tumesimama kituoni. Analigonga kwenye kiganja, analiviringisha mpaka ganda lote lijae nyufa, kisha analivua taratibu akitaka litoke kipande kimoja. Likitoka zima ananionyesha. Mtoto akipewa kazi kwenye chakula chake, kukataa kunapungua. Hilo nimelishuhudia.

Bibi Mlezi
Wanangu, mnaanzia asubuhi wakati shida iko usiku. Nalea wajukuu watatu. Walikuwa wanakula saa tatu usiku, wanalala tumbo limejaa, halafu tunataka saa kumi na mbili wawe na njaa. Njaa itoke wapi? Nilirudisha chakula cha usiku saa moja. Nikawaamsha dakika 20 mapema kuliko zamani, na jambo la kwanza ni glasi ya maji, chakula bado. Wanaoga, wanavaa, wanatafuta soksi. Mpaka mtu anafunga kamba za viatu anaanza kuulizia kula mwenyewe.

Haikuja kwa siku mbili, mwanangu, ilichukua kama wiki mbili. Ila usimgombeze asiyekula alfajiri. Wako watu wazima wengi wasioweza kumeza kitu saa hiyo, na hakuna anayewaita wakaidi.

Mpishi wa Usiku
Nakuunga mkono, Bibi. Sisi tunatoka alfajiri kabisa, kwa hiyo kula mapema usiku na chakula cha njiani, vyote viwili vinahitajika. Hii ndiyo tunayoishi nayo: pankeki za ndizi na oti.

Ponda ndizi moja iliyoiva hasa, ile yenye madoa meusi kwenye ganda. Piga mayai mawili humo, tia oti nusu kikombe na mdalasini kidogo. Sasa acha bakuli litulie dakika 10. Mara ya kwanza sikusubiri, zikasambaratika kwenye kikaango kama uji. Oti lazima zinywe ule unyevu kwanza. Mafuta kidogo, moto mdogo sana kwa sababu sukari ya ndizi inaungua haraka, na kila moja isizidi kiganja cha mtoto. Ukiona ukingo umekauka na juu hapang'ai tena, geuza. Sukari usiongeze, hazihitaji.

Zikipoa zipange na karatasi katikati, weka kwenye friza. Asubuhi zipashe kwenye kikaango kikavu huku mtoto anavaa. Naweka mbili, katikati napaka siagi ya karanga, nafunga kwenye kitambaa. Hakuna kinachomwagika.

Mama Subira
Kwenye siagi ya karanga naomba neno. Mwanangu ana mzio wa karanga, na watoto kwenye basi hawali, wanagawana! Mara moja alipewa kipande na rafiki yake, midomo ikavimba tukakimbilia hospitali. Kabla hujaifungasha, uliza shule inasemaje. Sisi tunasaga mbegu za alizeti zilizokaangwa, zinatoa siagi nzuri tu, na mtoto hajioni ametengwa.

Muuguzi Mama
Nimesita kuandika nisije nikaonekana namwaga maji kwenye moto wenu, lakini kimya changu hakitamsaidia mtu. Mama Wawili, mpango wa huyo wa miaka 8 usiutumie kwa wa miaka 4.

Chini ya miaka 5 njia ya hewa ni nyembamba na kutafuna bado hakujakomaa. Njugu nzima asipewe. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, vipande vinne kila moja, kwa sababu ikiwa nzima inaziba koo kama kizibo. Tufaa na karoti mbichi kwaruza au pika zilainike. Na mtoto huyo akae wima, atulie, mtu mzima awe anamtazama. Asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja ni marufuku hata ya kulamba, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Wangu alikuwa na miaka 3. Naendesha gari, yeye kiti cha nyuma na kipande cha tufaa. Nilimwona kwenye kioo mdomo umefunguka, macho yamenitazama, hakuna sauti. Mtu aliyepaliwa kabisa hakohoi wala halii, ndiyo maana nawaambia kumsikiliza tu hakutoshi. Nilisimamisha gari, nikamwinamisha, nikampiga mgongoni kati ya mabega kwa kiganja. Pigo la nne kile kipande kikatoka. Mimi ni muuguzi na mikono ilinitetemeka siku nzima. Tangu hapo mdogo anakula kabla hatujatoka au tukifika. Chombo kikiwa kinatembea, hali.

Mama Wawili
Dada Muuguzi, nimesoma nikiwa nimesimama. Huyo wa miaka 4 nilikuwa nampa zabibu nzima kwenye kikopo, tena nyuma ya gari. Leo ndiyo mwisho. Asante kutoka moyoni.

Mzazi wa Mbio
Wangu hatafuni asubuhi, anakunywa tu. Nasaga ndizi, mtindi usio na sukari, oti vijiko viwili na parachichi kidogo, natia kwenye chupa yenye mfuniko wa kunyonyea. Nagandisha kidogo usiku, asubuhi kinabaki baridi njiani. Tatizo ni chupa: siku ya kwanza aliiacha kwenye begi mpaka jioni, ile harufu sitaisahau. Sasa analazimika kuimaliza kabla ya kengele ya kwanza. Kitu chenye maziwa kikikaa zaidi ya saa mbili nje ya ubaridi, mwaga.

Baba Mtulivu
Kaka, mimi nilijaribu ya kunywa. Kwa binti yangu haikufika saa nne. Nahisi kutafuna kunamfanya ajue amekula.

Mzazi wa Mbio
Ulitia oti, au maziwa na matunda tu? Bila oti hata wangu hafiki.

Baba Mtulivu
Matunda tu, na juisi juu yake. Basi nitarudia.

Msoma Lebo
Hiyo juisi ndiyo niliyokuja kuisemea. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Sukari ya juisi imo kwenye hesabu hiyo, hata juisi iliyoandikwa "haina sukari iliyoongezwa". Chama cha Moyo cha Marekani kinaweka mpaka wa chini ya gramu 25 za kuongezwa kwa siku kwa watoto wa miaka 2 hadi 18. Pima paketi yako ya gramu 22 na hapo. Chungwa lenyewe mpe, lina nyuzi zake, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye oti na mkate.

Kwenye mtindi na nafaka za pakiti, viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi zaidi kwanza. Sukari ikiwa ya pili, hicho kirudishe rafuni, hata kama picha ya mbele ina matunda.

Mama Wawili
Nimerudi baada ya wiki tatu, nimewaletea majibu.

Chakula cha usiku sasa ni saa moja. Mdogo anakula mezani, mimi nimekaa mbele yake. Mkubwa Jumatatu na Alhamisi anachukua yai na mkate, siku nyingine pankeki, na chupa ya maji badala ya juisi. Siku nne za mwanzo alililia juisi kweli kweli, sikurudi nyuma. Jumapili jioni ndizi anaponda mdogo kwa uma, mkubwa anahesabu: tatu za Jumanne, tatu za Jumatano. Mara mbili tumechelewa na ameondoka na ndizi peke yake, sikujilaumu.

Juzi mwalimu kanikuta getini, hakuzungumzia dawati. Jana jioni nimefungua begi nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri, ndani kuna nusu ya pankeki. Nikamuuliza mbona umebakiza, kasema alishiba, akamwekea mdogo wake.

Ila ameanza kulalamika kuwa ndizi zimemchosha. Mwenye kitu cha mboga kinachoshikika mkononi asubuhi atuwekee hapa na vipimo vyake, Jumapili nipike.