Corolla KE70 (DX) ikipata moto sailensa haikai, inazima

dx_nyeupe
Wakuu habari za jumapili, naombeni msaada. Nina Corolla KE70, hizi DX za zamani, injini 4K, kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa) ya Aisan ya matundu mawili, hakuna kompyuta wala nini humo. Asubuhi navuta choki (ile ya kubana hewa injini ikiwa baridi) inawaka fasta na inatulia vizuri tu, shida inaanza ikishapata moto, nikirudisha choki sailensa (ule mngurumo wa kusimama bila kukanyaga resi) haikai, inatetemeka weee halafu inazima. Ukiwa kwenye mwendo haina neno inavuta kabisa, ila foleni ya Ubungo mguu mmoja kwenye resi mwingine klachi, breki sijui nikanyage na nini. Plagi mpya, filta ya mafuta mpya, fundi kashusha kabureta kaiosha na petroli, hali ikarudi vilevile, mwisho akapandisha sailensa kwa bisibisi. Sasa haizimi sana lakini inaunguruma kama trekta na mafuta inakunywa balaa. Skrubu ya mikscha, ile ya kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, nikiizungusha ndani au nje hakibadiliki kitu.

fundi_spana
Mkuu hapo kwenye skrubu ya mikscha umejijibu mwenyewe. Kwenye sailensa hiyo gari inakula kwa njia yake ndogo, ina jeti yake (kitundu cha kupimia mafuta), na skrubu ya mikscha inabana njia hiyo hiyo, sasa kama ukiifunga yote na injini haishtuki maana yake mafuta hayapiti huko kabisa. Inaishi kwa vile vitundu vya pembeni ya kisahani cha throto (kile kinachofunguka ukikanyaga resi), ambavyo vinafunguka throto ikiachia kidogo. Ndo maana asubuhi iko sawa, choki ikivutwa inasukuma na throto ifunguke kidogo, ukiirudisha inakosa chakula. Na fundi wako alivyopandisha sailensa alifanya kitu hicho hicho, throto inakaa wazi muda wote. Ugonjwa upo palepale.

Kabla hujashusha kabureta tena angalia solenoidi, ni kile kidude cha mviringo kwenye kabureta chenye waya, kazi yake kukata mafuta ya sailensa ukizima switch. Washa switch bila kupiga stata, chomoa waya wake kisha ugusishe tena, unatakiwa usikie "tik". Ila kama kabureta inavuja petroli usiguse, kausha kwanza maana hapo kuna cheche.

Kanairo254
Buda hizo kabureta zimechoka, ekseli ya throttle inalegea inavuta hewa pembeni, utarekebisha mpaka uchoke. Enda Kirinyaga Road, Nairobi, utoe mpya ufunge, maisha iendelee.

fundi_spana
@Kanairo254 ekseli kulegea kweli ipo, shika mkono wa throto uutikise utaona. Ila hizi mpya za bei chee nyingine zinakuja na jeti hazifanani na za 4K, unaanza ugomvi mwingine. Apime kwanza, kupima ni bure.

Mgosi wa Soni
Naongezea, usisahau hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta. Gari ikiwa inanguruma bana kwa koleo mpira mnene unaoenda kwenye busta ya breki (ile inayofanya breki iwe laini kukanyaga), sailensa ikibadilika busta au mpira wake umetoboka. Ile mipira midogo nayo ichomoe mmoja mmoja uzibe na kidole. Cheki pia nati za kabureta na gasketi yake, 4K ingizo na ekzosi ziko upande mmoja kwahiyo pale chini panapata moto sana, gasketi inakauka inapasuka. Na tafadhali fundi yeyote akichukua waya kuchokonoa jeti mnyang'anye, tundu likipanuka ndo basi tena, jeti inapulizwa na upepo.

dx_nyeupe
Wakuu nimerudi. Solenoidi kimyaaa, hamna tik. Nikavuta waya moja kwa moja toka betri, ikagonga! Kumbe yenyewe nzima, umeme ndo haufiki. Nikaufuata waya mpaka karibu na koili nikakuta aliyefunga alamu zamani aliukata akaunga kwa kuvirigisha na selotepu, ndani umeota kijani. Nimeuunga upya, gari imetulia hata ikiwa ya moto. Sasa resi iko juu mno na bado inatetemeka kidogo, nianzie wapi?

fundi_spana
Safi sana. Sasa ukiwa na injini ya moto na choki imerudi ndani, rudisha ile skrubu ya throto aliyoikaza jamaa, taratibu. Halafu mikscha ifunge mpaka iguse, usiikaze utaharibu ncha, kisha ilegeze kama mizunguko miwili na nusu hivi, washa, tafuta pale inaponguruma laini na resi imepanda zaidi. Hapo ndo ushushe resi kwa skrubu ya throto iwe kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika, urudi tena kwenye mikscha uguse kidogo. Kama bado inatetemeka chomoa waya za plagi moja moja uone silinda gani haichangii, shika kwa koleo ya plastiki isikupige shoti.

Mgosi wa Soni
Na plagi zitoe uzitazame, kwa jinsi ilivyokuwa inakunywa mafuta hata hizo mpya zitakuwa na masizi.