"ENDELEA KUMEZA DAWA": jibu la malalamiko ya mgonjwa liko ubaoni, njooni muone aibu

MwanaKitengo (mleta uzi)
Wadau, yule bwana amejibu. Mnamjua, sihitaji kumtaja. Yule mwenye sanduku la maoni la kufuli lililoota kutu, linalofunguliwa kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Leo majibu yake yamebandikwa kwenye ubao wa kliniki ya akili, na muhuri juu.

Mgonjwa ameandika hivi: napewa dawa ya akili haloperidoli miligramu 5 asubuhi na jioni, benzheksoli ya kuzuia madhara yake naambiwa imeisha, siku ya tatu shingo imejipinda upande, taya limekaza, nashindwa kusema. Jibu, neno kwa neno: "Asante kwa maoni yako. Endelea kumeza dawa."

Dawa ndiyo iliyompinda shingo! Atamezaje na taya limekaza? Anayefanya kazi kwenye kitengo cha akili anajua kwamba haloperidoli inaweza kukaza misuli ndani ya siku chache za mwanzo, na vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Unampa benzheksoli, au sindano ya prometazini ukiwa nayo, kisha daktari anaipitia dozi upya. Tena utazameni mwandiko wenyewe. Herufi zinaanza kubwa, mwisho wa mstari zimekuwa ndogo kama sisimizi. Hiyo nayo inaweza kuwa dalili ya madhara ya dawa. Karatasi ile ilikuwa inaomba msaada kwa maneno na kwa mwandiko, na bwana akaipiga muhuri. Endelea kumeza dawa!

Maneno matatu yalitosha: njoo leo hii.

Stoo_Mashariki
Ssebo, hasira zako ni za haki ila umebisha mlango wa jirani. Kosa limeanzia stoo. Piga hesabu: wagonjwa 40, kila mmoja kidonge kimoja cha benzheksoli kwa siku. Kopo la vidonge 1,000 linakwisha siku ya 25. Mzigo wa NMS, bohari ya taifa ya dawa hapa Uganda, unakuja kila baada ya miezi miwili. Siku 35 zilizobaki watu wanameza haloperidoli kavu. Anayejaza oda ananakili ile ya mzunguko uliopita, na ile iliyopita nayo ilinakiliwa. Ahesabu wagonjwa waliomo kwenye rejista, aongeze akiba ya mwezi. Ikipungua, aazime kituo jirani kwa karatasi, mapema, asingoje kopo lilie.

MwanaKitengo
Stoo, sawa, lakini kopo halikuandika "endelea kumeza dawa". Mtu aliandika!

Dada_Sindano
Mleta uzi, sentensi hiyo sasa tumeishika kwa moyo kuliko wimbo wa taifa. Kunywa maji, halafu tuambie sanduku lifunguliweje. Nianze mimi. Lifunguliwe kila Ijumaa na watu wawili wenye funguo mbili, mmoja wao mgonjwa aliyepata nafuu ambaye wenzake wanamwamini. Kila karatasi ipewe namba na tarehe. Kisha mafungu: jambo la mwili au la kujidhuru linakwenda kwa kliniki ofisa (tabibu) siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuandika jibu. Dawa kuisha, stoo. Matusi na kupigwa, kwa inchaji (mkuu wa kituo), na aliyelalamikiwa asiwe ndiye anayejibu. Ubaoni unabandika tu kilichofanyika, bila jina wala ugonjwa wa mtu. Yule bwana kabandika karatasi nzima, shingo na dozi, kila anayepita anajua ni nani. Kwangu hilo ni baya kuliko jibu lenyewe.

MkalimaniArua
Mnajadili sanduku, nani anaandika? Fomu ni ya Kiingereza, kliniki imejaa wasema Kilugbara na Kiswahili. Mkono unaotetemeka haushiki kalamu. Na sanduku limetundikwa juu ya kichwa cha askari wa geti! Mlalamishi anaonekana na wote, mwezi ujao anaogopa kuja kuchomwa modekati, sindano yake ya dawa ya akili. Wekeni mtu wa kuuliza kwa mdomo kwenye benchi la kusubiri, maswali mawili: dawa inakufanyaje, na nani amekukosea. Aandike yeye.

Mzee_wa_Rufaa
Mkataba wa Haki za Wagonjwa upo tangu 2009, Sheria ya Afya ya Akili ni ya 2018. Mgonjwa ana haki ya kulalamika na kujibiwa. Mleta uzi, badala ya kulia humu, peleka barua kwa afisa wa afya wa wilaya, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

MwanaKitengo
Mzee, muhuri tena?

BabaKifafa
Nyie mna bahati mnajibiwa! Sisi wa kifafa tunakaa benchi hilo hilo na hakuna hata anayetuuliza. Fenobabitoni ikiisha wanasema "njoo wiki ijayo". Dawa hiyo haikatwi ghafla, mtu anaweza kupata kifafa kisichokoma hadi afe. Huduma za serikali hazilipiwi tangu 2001, lakini kila mwezi tunatumwa duka la nje.

Dada_Sindano
BabaKifafa, hapo umesema. Mwenye kifafa asiondoke mikono mitupu, apewe hata vidonge vya siku saba aazimiwe kwingine.

Mpita_Busia
Na nani aliweka kliniki ya akili siku ya soko? Boda zinapandisha bei, mlezi anachagua kuuza nyanya au kumleta mgonjwa. Halafu kwenye rejista wanaandika "mtoro wa dawa".

Stoo_Mashariki
Kwenu ni Jumanne? Kwetu pia walitupa siku ya soko. Tuliihamishia Alhamisi, benchi likajaa.

Mpita_Busia
Mlimwandikia nani mpaka wakakubali?

Stoo_Mashariki
Inchaji na mwenyekiti wa kamati ya kituo, barua moja, sahihi za walezi 60. Leteni majina ya walezi wenu, nitawapa mfano wa barua.

BabaKifafa
Niandike wa kwanza.