eVisa, pasipoti mpya na mke wangu aliyekwama Dar es Salaam

Kutoka: Mwana wa Tanga (Reading)
6 Oktoba 2025

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi.

Ninaomba msaada wa mwenye uzoefu. Mke wangu alikwenda nyumbani mwezi wa Agosti kumuuguza mama yake, na akiwa huko akachukua pasipoti mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imebakiza miezi michache tu. Jana usiku alifika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akiwa na pasipoti zote mbili, tiketi, na ile BRP yake (kadi ya ukaazi ya Uingereza) iliyokwisha muda. Kijana wa kaunta aliingiza namba ya pasipoti mpya, akasubiri, akaiingiza tena taratibu huku akiitamka tarakimu moja moja, kisha akamwambia kwamba mfumo haumtambui kuwa na ruhusa yoyote ya kuingia Uingereza. Alipopewa pasipoti ya zamani, ambayo imekatwa pembe, aliirudisha bila hata kuifungua. Begi lililokuwa limeshapanda kwenye mizani likateremshwa.

Tunajua kwamba akaunti yake ya UKVI (idara ya visa na uhamiaji ya Uingereza), ambamo eVisa, yaani rekodi ya kidijitali ya ruhusa yake, imewekwa, bado imeunganishwa na pasipoti ya zamani. Tatizo ni kwamba hawezi kuingia ndani ya akaunti ili aibadilishe, kwa kuwa msimbo wa usalama hutumwa kwenye laini yake ya hapa, ambayo huko haishiki mtandao kabisa, na barua pepe iliyoandikwa ni ya wakala aliyemjazia fomu za visa, ambaye simu yake haipatikani tena. Swali langu ni moja tu: je, anaruhusiwa kusafiri kwa kuonyesha pasipoti zote mbili kwa pamoja, au ni lazima asubiri hadi akaunti irekebishwe? Kazini kwake wanamtarajia wiki ijayo.


Kutoka: Muuguzi (Leeds)
6 Oktoba 2025

Pole sana kaka, na umfikishie shemeji pole zangu. Mwambie atengeneze ule msimbo wa herufi na tarakimu tisa wa kumwonyesha mtu hadhi yako (share code), auchapishe kwenye karatasi, na arudi uwanjani nao mapema. Mimi nimeufanya huo kuwa mtindo wangu tangu yaliyonikuta kazini.

Kadi yangu ilikuwa imeandikwa kwamba inakwisha tarehe 31 Desemba 2024, kama zilivyokuwa kadi za wengi wetu, ilhali visa yenyewe ilikuwa na uhai wa miaka kadhaa mbele. Afisa utumishi aliiona tarehe hiyo kwenye jalada langu na akaniondoa kwenye ratiba ya zamu pasipo kuniuliza neno. Nilipompelekea maelezo ya serikali, yaliyosema wazi kwamba tarehe ya kadi si tarehe ya visa, alinijibu kwamba yeye hawezi kuhatarisha faini ya pauni 45,000 kwa ajili ya mfanyakazi mmoja. Simlaumu sana, maana faini hiyo ni kweli na ilipandishwa mwaka 2024, lakini mshahara uliokatwa ulikuwa wangu mimi, si wake. Tangu siku hiyo nina msimbo uliochapishwa ndani ya pochi, na kila unapokwisha muda wake natengeneza mwingine.


Kutoka: Fundi Mitambo (Milton Keynes)
6 Oktoba 2025

Dada Muuguzi, kwa heshima zote, tusome swali kabla ya kulijibu. Msimbo hutengenezwa ndani ya akaunti, na mwenzetu ameeleza kwamba mkewe hawezi kuingia ndani ya akaunti. Zaidi ya hayo, misimbo hiyo haifanani: unaoanza na W ni wa mwajiri, unaoanza na R ni wa mwenye nyumba, na unaoanza na S ndio wa mambo mengine. Huo wa kazini ulio ndani ya pochi yako hautamsaidia mtu yeyote kwenye kaunta ya ndege, na kila mmoja una uhai wa siku 90 tu.

Naomba nieleze jinsi kaunta inavyofanya kazi, kwa sababu naona watu wengi wanadhani kwamba kijana yule ndiye anayeamua. Shirika la ndege linatuma namba ya pasipoti kwenye mfumo wa Uingereza, na mfumo unajibu kama mtu ana ruhusa au hana. Ukisafiri na pasipoti ambayo haijaunganishwa na eVisa yako, kwa mashine wewe ni mgeni asiye na visa, hata kama una ILR (ukaazi wa kudumu) na nyumba ya mkopo. Shirika likimpandisha mtu asiye na ruhusa linaweza kutozwa pauni 2,000, kwa hiyo kijana anayelipwa mshahara mdogo usiku wa manane hana sababu ya kukuonea huruma. Anachoweza kufanya ni kulipigia simu dawati la Uingereza la kusaidia mashirika ya usafiri, ambalo hufanya kazi saa 24 na ambalo linaweza kumtafuta mtu kwa jina na kwa pasipoti ya zamani. Shemeji aliomba wapige simu hiyo?

Kuhusu akaunti, ipo njia ya kuirejesha kwa mtu aliyepoteza simu pamoja na barua pepe. Aianze leo.


Kutoka: Mwana wa Tanga (Reading)
7 Oktoba 2025

Ahsante Fundi. Aliomba wapige simu. Aliambiwa kwamba msimamizi ndiye anayepiga, na msimamizi alikuwa ameshateremka kwenda kwenye ndege. Ombi la kurejesha akaunti tumelituma jana. Narudia swali langu: pasipoti mbili zinatosha, au hazitoshi?


Kutoka: Mkongwe (Leicester)
7 Oktoba 2025

Wanangu, salaam.

Mimi niliingia nchi hii wakati ukaazi wa kudumu ulikuwa ni muhuri wa wino ndani ya pasipoti, na afisa aliyeupiga alinitazama usoni. Muhuri ule umenipeleka nyumbani na kunirudisha kwa miaka mingi, na haukuwahi kuniomba namba ya simu. Mwaka jana nikaandikiwa kwamba wenye mihuri tunahimizwa kuomba NTL (uthibitisho kwamba ukaazi wetu hauna kikomo) ili tupate eVisa. Mjukuu wangu alinijazia fomu, akanipiga picha ya uso nikiwa nimesimama mbele ya ukuta wa jikoni, na simu ikakataa mara kwa mara kuisoma chipu ya pasipoti hadi alipolivua ganda lake la plastiki. Sasa hadhi yangu ipo, lakini ipo kwenye simu ya mjukuu.

Ninyi vijana mnazungumzia kaunta. Mimi nazungumzia kumbukumbu. Watu wa Windrush, wale waliotoka visiwa vya Karibi, waliingia humu kihalali, wengi wao wakiwa watoto, kabla ya mwaka 1973. Kadi zao za kushukia melini zilitunzwa na serikali, na mwaka 2010 serikali hiyo hiyo ikaziharibu. Mwaka 2018 ndipo dunia ilipojua kwamba wazee waliofanya kazi humu maisha yao yote walikuwa wamefukuzwa kazini, wamenyimwa matibabu, na wengine wamerudishwa visiwani kwa sababu hawakuwa na karatasi. Waziri wa Mambo ya Ndani Amber Rudd alijiuzulu, lakini kazi na afya za wale wazee hazikurudi. Mwenye karatasi yake sandukuni alikuwa na cha kumwonyesha mwanasheria. Kesho rekodi yangu ikifutwa kwa bahati mbaya, nitamwonyesha nani nini? Ndiyo maana pasipoti yangu yenye muhuri nimeifunga kwa kitambaa, na wanangu wanajua ilipo.

Serikali zetu nako ni vilevile. Kenya mahakama ililazimika kuisimamisha Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho wa raia, mwaka 2020, na kwetu Tanzania laini za simu zilifungwa kwa wasiokuwa na namba ya NIDA. Nilikuwa Muheza wakati huo. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na niliwaona wazee ambao jembe limewala vidole wakisukumiwa mashine ndogo ya alama ambayo haikusoma kitu. Bibi mmoja alikuwa anapaka kidole mafuta ya nazi, anafuta kwa kanga, anajaribu tena. Mwanawe alikuwa anamtumia fedha kwa laini hiyo.


Kutoka: Binti Mombasa (Bristol)
7 Oktoba 2025

Shikamoo Mzee. Samahani, lakini mambo ya Kenya tuyaseme yalivyo. Mwaka 2020 mwezi wa Januari mahakama haikuisimamisha Huduma Namba. Iliiruhusu iendelee kwa masharti ya kuwekwa sheria za kutosha. Ilikuwa Oktoba 2021 ndipo Jaji Jairus Ngaah alipoamua kwamba utoaji wa kadi haukuwa halali, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za watu kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2019. Tofauti hiyo ni kubwa: mahakama haikusema kwamba teknolojia ni mbaya, ilisema kwamba huwezi kumbebesha raia hatari ambayo wewe mwenyewe hujaipima.

Hapa Uingereza hakuna aliyetupimia. Sisi wageni ndio tuliofanyiwa majaribio, tukaanza na wenzetu wa Ulaya ambao tangu mpango wao wa ukaazi uanze hawakupewa kadi yoyote, na chama chao, the3million, kimekuwa kikipiga kelele kuhusu jambo hili kwa miaka. Sasa Waziri Mkuu Starmer ametangaza mwezi uliopita kwamba kila mtu atahitaji kitambulisho cha kidijitali kwenye simu ili kuthibitisha haki ya kufanya kazi, na wenyeji zaidi ya milioni 2 wametia saini zao kupinga. Jirani yangu Mwingereza alinijia na uso wa mtu aliyefiwa, akaniuliza kama nimesikia habari hizo. Nilimwambia kwamba mimi ninaishi ndani ya habari hizo tangu mwaka jana. Alidhani ninatania.


Kutoka: Fundi Mitambo (Milton Keynes)
8 Oktoba 2025

Naona tumeanza kuimba sifa za karatasi. Naomba tukumbuke jinsi karatasi zilivyotutesa. BRP ilipotea ukiwa nyumbani, ukalazimika kulipia visa nyingine ya kurudia na kusubiri. Ilikwama posta na ikapelekwa kwa mpangaji aliyehama. Kuna waajiri waliozishika kadi za watumishi wao wa ndani zikageuka minyororo. eVisa haiwezi kufungiwa kabatini na bosi, na kwa mfanyakazi wa ndani aliyeletwa hapa na tajiri wake, hilo si jambo dogo. Mzee wangu Mkongwe, wale wa Windrush waliumia kwa sababu rekodi hazikuwepo, na rekodi ndicho kitu ambacho mfumo wa kidijitali unakiweka.

Nitakachokubaliana nanyi ni hiki: hakuna mhandisi mwenye akili timamu anayejenga mfumo wenye njia moja tu ya kupita. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na abiria wakaandikiwa pasi za kupandia ndege kwa kalamu. Mwezi uliopita programu ya kuandikishia abiria ya Collins Aerospace ilishambuliwa, na Heathrow, Brussels na Berlin wakarudi kwenye karatasi. Siku zile abiria waliondoka kwa sababu kalamu ilikuwepo. Mwenye eVisa hana kalamu. Msimbo wenye picha ya kuskania, uliotiwa saini kidijitali na kuchapishwa, ungesomeka hata intaneti ikiwa imekatika, kama vile vyeti vya chanjo ya Uviko vilivyosomeka. Hilo liliombwa, na halikufanywa. Kuacha kulifanya ulikuwa uamuzi wa watu, si kosa la mashine, na gharama yake inalipwa na anayesimama mbele ya kaunta.


Kutoka: Mkongwe (Leicester)
8 Oktoba 2025

Mwanangu Fundi, rekodi zilikuwepo. Ziliharibiwa. Hilo ndilo nililoliandika, na naomba ulisome tena.

Na kuhusu intaneti kukatika, unaniambia mimi wa nyumbani ambako mtandao wa X umezuiwa tangu Mei? Tarehe 29 mwezi huu ni uchaguzi. Kama shemeji yenu hajaondoka kabla ya hapo, mtajua maana ya msimbo usiosomeka bila intaneti.


Kutoka: Muuguzi (Leeds)
8 Oktoba 2025

Mzee, uchaguzi tuuache, tafadhali, safari iliyopita tuligombana wiki nzima. Kaka wa Tanga, umewaambia kazini kwake? Mwambie asinyamaze. Kwa mwenye visa ya kazi, mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa za watoro, na utoro wa kaunta ya ndege haujulikani na mtu yeyote huko ofisini hadi uwaeleze kwa maandishi.

Na huyo wakala ni yupi? Kama ni yule wa Luton mwenye ofisi juu ya duka la simu, tuambiane.


Kutoka: Mwana wa Tanga (Reading)
9 Oktoba 2025

Nimewaandikia kazini, ahsante dada. Sitamtaja wakala hapa, lakini ni kweli ofisi yake ilikuwa juu ya duka la simu. Kuhusu akaunti hatujajibiwa. Shirika la ndege linasema tukibadilisha tarehe bila uthibitisho mpya, tiketi itapotea yote. Bado sijapata mtu aliyewahi kupita na pasipoti mbili.


Kutoka: Mama Mapacha (Luton)
9 Oktoba 2025

Habari zenu. Huwa nasoma tu, siandiki. Kama ndiye huyo ninayemfikiria, alitufungulia akaunti sisi sote wanne kwa barua pepe yake, akasema ni utaratibu wa ofisi. Nimejaribu kuingia sasa hivi ninaposoma haya. Inaniomba msimbo aliotumiwa yeye.


Kutoka: Fundi Mitambo (Milton Keynes)
9 Oktoba 2025

Mama, usichague barua pepe. Pale chini chagua utumiwe kwa simu.


Kutoka: Mama Mapacha (Luton)
9 Oktoba 2025

Nimechagua. Namba inayoonekana inaishia na 40. Hiyo si yangu.