Mjadala: Jaji akirudia hukumu ya kifo, Mahakama ya Rufaa ipime upya au isahihishe makosa tu?

Kizimbani: Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu wa 14 Desemba 2017 ulifuta ulazima wa kifo kwa aliyepatikana na hatia ya mauaji hapa Kenya. Kifo chenyewe kimebaki. Mfungwa hurudi Mahakama Kuu kusikizwa upya kuhusu adhabu na anaweza kutoka na kifo kilekile. Akikata rufaa, naona majaji watatu wapime kila kitu upya.

Jalada: Sikubali. Adhabu ni hiari ya jaji. Tangu kesi ya Ogolla ya 1954, rufaa huingilia kati jaji akifuata kanuni isiyo sahihi, akisahau jambo zito, au adhabu ikipita kiasi waziwazi. Hayo yanatosha. Mwongozo wa Mahakama ya Juu wa 6 Julai 2021 unataja umri, kosa la kwanza, kukiri, mwenendo, namna marehemu alivyotendewa, athari kwa familia yake, majuto na uwezekano wa kurekebika. Jaji akiandika "nimezingatia yote" bila kugusa ripoti ya probesheni iliyo mbele yake, tayari amejifungulia rufaa.

Kizimbani: Hiari hiyo huheshimiwa kwa sababu jaji aliwaona mashahidi. Anayepanga adhabu upya mara nyingi si yule aliyesikiza kesi, mwenzake alishahamishwa. Anasoma karatasi zilezile watakazosoma wale watatu.

Rumande: Mabwana, wengi hukwama kabla hata ya kufika huko. Kifungu cha 379 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinakataza rufaa dhidi ya adhabu "iliyowekwa na sheria". Kifo cha lazima kilikuwa hivyo, sasa si hivyo, lakini bado unaomba ruhusa ya Mahakama ya Rufaa. Ilani ya rufaa ni siku 14. Hatari kubwa zaidi: ukiwa na rufaa inayosubiri, Mahakama Kuu haikusikizi kuhusu adhabu mpaka uiondoe. Wafungwa huiondoa wakidhani watapata miaka, wanarudishiwa kifo, na hoja zao dhidi ya hatia zimekwenda na ile rufaa. Mwenye hoja nzuri juu ya ushahidi asiiguse. (Na wa wizi wa mabavu wasijisumbue, mwongozo ule ni wa vifungu 203 na 204 vya Kanuni ya Adhabu, yaani mauaji, pekee.)

Jalada: Hapo kwa Rumande sina ubishi. Kizimbani, hoja ya karatasi ina uzito, ila majuto na familia ya marehemu jaji huyo mpya huvisikia mwenyewe.

Kizimbani: Basi vikisikizwa viandikwe. Visipoandikwa, rufaa ipange adhabu yenyewe badala ya kurudisha jalada, mamlaka inayo. Na ikitoa miaka, iseme inaanza lini: aliyekamatwa 2009 akahukumiwa 2013 hupoteza miaka minne kifungu cha 333(2) cha sheria ileile ya mashtaka, kinachotaka muda wa rumande uhesabiwe, kikisahauliwa.